Swali la Saa ya Kongo

Kosa langu la kwanza kubwa kazini lilikuwa na maneno kumi. Nimeyahesabu mara nyingi. "Ikiwa ni saa sita mchana Gisenyi, Kongo ni saa ngapi?" Kwenye karatasi ya mwamuzi, chini ya swali, niliandika jibu kwa mwandiko wangu bora: saa tano asubuhi. Niliyaandika hayo nikiwa nimeketi kwenye chumba ambacho ukifungua dirisha lake unaona mabati ya Goma, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mpaka.

Nina miaka ishirini na tisa, na najua huu si umri wa kuandika kumbukumbu za kazi. Wanaoandika mambo haya huwa na mvi na nishani. Lakini mwisho wa mwezi huu naondoka kwenye meza ya maswali baada ya misimu sita, na wale wanaokuja kuikalia wameniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa ikifanyika. Nimeandika ukurasa huu wa kwanza mara nne. Huu ni wa tano, nao nitauacha hivi ulivyo.

Kazi yenyewe ni shindano la maswali ya maarifa ya jumla. Redio yetu ni ndogo, na kila Jumamosi alasiri inakodi ukumbi mmoja mjini, inaweka meza mbili na vipaza sauti, na timu mbili zinashindana moja kwa moja hewani: historia, jiografia, sayansi, michezo, utamaduni. Timu si za shule. Ni za watu wa kazi: wanawake wachuuzi wa Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha mpakani, madereva wa pikipiki wa Rugerero tunaowaita wamotari, wakulima wa Cyanzarwe, wapishi wa hoteli za ufukweni, na wengine. Shindano ni la Kiswahili, kwa kuwa wasikilizaji wetu wako pande zote mbili za mpaka na kila familia ina ndugu upande wa pili.

Siku ya kwanza niliajiriwa kuwa mtunza saa. Nilipewa saa ya kuhesabia sekunde na kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye ubao. Timu ilikuwa na sekunde kumi za kujibu, na zikiisha mimi napiga kengele. Kwa woga wa kuchelewa, niliipiga kabla Mtangazaji hajamaliza kusoma swali.

"Petit!" alisema, na ukumbi wote ukasikia. "Acha mutu amalize kuuliza kwanza. Hii si mbio ya baiskeli!"

Walicheka. Mimi nilitokwa na jasho mpaka kwenye vidole, na kengele ikaniteleza ikaanguka. Walicheka tena.

Aliyenitoa kwenye kengele na kunipeleka kwenye kalamu alikuwa Mhariri wa maswali. Mama huyu alikuwa mwalimu mstaafu aliyekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi wengine tulikuwa tunanyamaza kwanza kabla ya kumjibu. Aliniona nikisahihisha maswali ya wenzangu pembeni ya karatasi, tabia niliyoshindwa kuiacha, akaniita.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka N, Mama."

Alinitazama. Ikabidi nieleze. Niliacha shule kidato cha tatu, na kitabu changu kikubwa kilikuwa ensaiklopidia ya Kifaransa niliyoinunua Goma, juzuu moja tu, kutoka L hadi N. Nilikuwa nimeisoma yote. Nilijua lava, mwezi wa angani, Madagaska, magneti, muziki wa Mali, na kwamba Nepal ndiyo nchi yenye bendera isiyo na pembe nne. Kuhusu vitu vinavyoanza na P sikuwa na uhakika wowote.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Haya," akasema. "Tutakutafutia herufi nyingine."

Alinifundisha kwamba adui wa kazi hii ni swali lenye milango miwili, yaani swali ambalo watu wawili wanaweza kulijibu tofauti na wote wakawa sahihi. Siku moja aliniuliza timu ya voliboli ina wachezaji wangapi uwanjani. Nikajibu sita.

"Shuka ufukweni uhesabu," akasema.

Nilishuka kweli. Vijana walikuwa wanacheza mchangani, wawili upande huu na wawili upande ule. Nikarudi nimeinamisha kichwa. Kesho yake akaniuliza maji huchemka kwa nyuzi ngapi. Nikasema mia moja, naye akaniuliza kama Gisenyi iko usawa wa bahari. Haiko. Hapa tuko juu milimani, na maji ya chai yetu huchemka kabla ya kufika mia. Nilikuwa nimekunywa chai hiyo tangu utotoni bila kujua jambo hilo, na nilifurahi wiki nzima. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo sijawahi kuichoka: kugundua kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba jua likitua kwenye sayari ya Mirihi anga karibu nalo huwa na rangi ya samawati, kwamba China kwa upana wake wote inatumia saa moja tu ya kitaifa.

Kanuni yake ya pili ilikuwa vyanzo viwili. Hakuna swali kuingia kwenye karatasi kabla ya vitabu viwili, au kitabu na mtu mmoja anayejua, kukubaliana juu ya jibu. Kanuni hii niliipenda kuliko chakula. Mtu mwenye hofu kama yangu akipewa kanuni, anaishika kama kamba ya kisimani.

Wiki ya nusu fainali, Mhariri alikuwa Kigali kutibiwa macho. Mimi nilikuwa kwenye miezi ya majaribio kama mwandishi wa maswali, na maswali ya wiki hiyo niliyaandika peke yangu. Swali la saa ya Kongo nililipata kwenye shajara ya ofisini, nyuma kabisa, kwenye orodha ya saa za dunia: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Kigali. Nikatafuta chanzo cha pili kwenye simu. Orodha nyingine, jibu lile lile. Vyanzo viwili vilikubaliana, kwa sababu vyote viwili vilikuwa vinazungumzia mji mkuu. Mimi nikaandika "Kongo". Mkurugenzi wa vipindi akaipitia karatasi akiwa amesimama, akasema, "Bon, songa."

Petite Barrière walikuwa wanacheza na Rugerero. Kiongozi wa Petite Barrière alikuwa Mama Neema, mwanamke mwenye sauti nzito, muuza nyanya na sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyeishia darasa la tano na asiyeficha jambo hilo. Alikuwa anasikiliza redio kila siku akipanga nyanya zake, na alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Alijua ni bara gani lina nchi nyingi zaidi, na alijua habari za yule Mwethiopia aliyeshinda marathoni bila viatu. Wiki ile timu zilifika swali la mwisho zikiwa sare, na swali la mwisho lilikuwa langu.

Mtangazaji alisoma. Mama Neema hakungoja hata sekunde mbili. "Saa sita," akasema, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Mtangazaji akaangalia karatasi. "Si sahihi. Rugerero, mnaweza kunyang'anya." Kunyang'anya ni pale timu ya pili inapopewa swali ambalo ya kwanza imelikosa.

Kiongozi wa wamotari, ambaye kila mtu alimwita Kapiteni, alijikuna kichwa. "Kama si saa sita… basi saa tano?"

"Sahihi!"

Ukumbi uliguna. Nani Gisenyi hajui saa ya Goma? Kisha mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kinshasa! Wanasema Kinshasa!" na watu wakapata maelezo waliyoyahitaji. Guno likageuka kicheko. "Kwake Kongo inaishia Birere!" mwingine akasema, na Birere ni ule mtaa wa kwanza unaoukanyaga ukivuka. Mama Neema alibaki anaitazama karatasi mkononi mwa Mtangazaji. Mimi niliridhika kwamba swali lilikuwa gumu kiasi kinachofaa.

Jumapili nilivuka kwenda Goma kumsalimia shangazi, kama nilivyofanya Jumapili nyingi tangu nikiwa mtoto. Tulikuwa tunakula. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani, kisha nikaitazama ya mkononi.

"Shangazi, saa yako iko sawa?"

"We iko na homa?" akasema. "Hii saa haijaachaka hata dakika. Kwani kwenu ni saa ngapi? Ya Ulaya?"

Zote mbili zilionyesha saa saba na robo. Maisha yangu yote nimevuka mpaka ule, na sijawahi hata mara moja kurudisha saa nyuma. Nilijua jibu kwa miguu, nikaandika lingine kwa kalamu. Sikumaliza chakula.

Sasa ninakiri sehemu mbaya zaidi. Sikumwambia mtu. Kongo ni nchi pana yenye saa mbili, ya magharibi na ya mashariki, na mimi nilijishikiza kwenye ile ya magharibi. Nilijiambia kwamba mji mkuu ni mji mkuu. Nilijiambia hivyo wiki tatu. Fainali ikachezwa, Rugerero wakachukua kombe, msimu ukafungwa. Nilianza kunawa mikono mara nyingi kuliko kawaida.

Kisha asubuhi moja, nikiwa kwenye foleni ya Petite Barrière, nilimsikia mbeba mizigo akipiga kelele nyuma yangu: "Saa Sita! Eh, Saa Sita, songa watu wapite!" Nikageuka. Aliyekuwa anaitwa hivyo alikuwa Mama Neema, na karai la nyanya kichwani. Alisogea bila kumtazama.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi wa vipindi siku hiyo hiyo. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango.

"Kinshasa ni muji mukuu. Donc, tuko sawa."

"Lakini swali halikusema Kinshasa."

"Ukianza hivyo, kila timu italeta malalamiko ya tangu musimu wa kwanza. Na we uko kwenye majaribio, sha. Usitafute maneno."

Mhariri alikuwa amerudi, jicho moja likiwa bado limefunikwa. Nilimsimulia, na nikamaliza kwa kusema kwamba vyanzo vilikuwa viwili, nilivihakiki.

"Kulikuwa na cha tatu," akasema.

"Kipi, Mama?"

"Umekivaa mkononi. Nenda kwa aliyeumia kwanza. Mkurugenzi niachie mimi."

Nilimkuta Mama Neema upande wetu wa mpaka, anapanga nyanya kwa mafungu pamoja na wenzake watatu. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu njia nzima.

"Jambo, Mama."

"Jambo, Muwamuzi. Umekuja kuniuliza ni saa ngapi?"

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja akajipiga paja.

"Mama, jibu lako lilikuwa la kweli. Mimi ndiye niliyeandika swali, na nilikosea."

"Minajua."

"Ulijua?"

"We! Kama kule wangekuwa nyuma yetu na saa muzima, mi ningekuwa nafikaka soko ya Goma kabla sijatoka nyumbani!"

"Mbona hukubisha?"

"Nibishe na nani? Nyinyi mulikuwa na karatasi. Mi iko na karatasi?" Aliinua nyanya moja, akaikagua, akairudisha. "Hawa," akawaonyesha wenzake kwa kidevu, "wameshachagua mwingine wa kuongoza timu. Wanasema watu wasicheke Petite Barrière nzima juu yangu."

Wenzake waliacha kucheka. Aliyejipiga paja akaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Naomba unisamehe," nikasema.

Hapo ndipo aliposimama. "Ulinikosea mbele ya watu, na redio. Sasa unaniomba musamaha hapa, nyuma ya nyanya? Nani atasikia? Hizi?"

"Nifanye nini, Mama?"

"Uende kule kule ulisemea."

"Na usiseme Kinshasa!" yule rafiki akaongeza.

Mhariri alikuwa na desturi yake kuhusu marekebisho, na kwa kuwa haijaandikwa popote ninaiandika hapa. Kosa lililosomwa hewani halisahihishwi kwa tangazo la asubuhi ambalo hakuna anayelisikiliza. Linasahihishwa ukumbini, saa ile ile ya kipindi, na linasomwa na aliyeliandika. Mimi ni mtu ninayetetemeka nikiagiza chai mbele ya watu wanne. Mkurugenzi alikubali shingo upande: "Dakika mbili. Na mukataba wako, tutaona."

Jumamosi ya kufungua msimu mpya ukumbi ulijaa. Mama Neema alikuwa safu ya tatu, hakuwa mezani na timu. Nilikuwa na karatasi niliyoiandika upya mara kumi na moja. Nilisoma kwamba swali lilikuwa baya, kwamba liliandikwa na mimi, kwamba mtu wa Gisenyi akisikia Kongo ana haki ya kufikiria Goma kwanza, na kwamba jibu la Mama Neema lilikuwa sahihi na tulimnyima pointi iliyokuwa yake.

Kapiteni wa wamotari akasimama na kofia yake ya pikipiki kwapani. "Kombe mi sirudishi!" Ukumbi ulilipuka. Akangoja watulie. "Lakini ile pointi, kusema kweli, nilibahatisha tu."

Nilifikiri nimemaliza. Nilikuwa nakunja karatasi.

"Bon," sauti nzito ikatoka safu ya tatu. "Uliza tena. Muzuri."

Nilimtazama Mtangazaji, naye akafungua mikono kama kusema shauri yako. Nikauliza: "Ikiwa ni saa sita mchana Gisenyi, Goma ni saa ngapi, na Kinshasa ni saa ngapi?"

"Goma saa sita. Kinshasa saa tano." Alisimama. "Na Lubumbashi?"

Ninawaomba mnaonisoma mjaribu kuelewa hali yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilikuwa na vyanzo vitatu vya Goma na vinne vya Kinshasa. Lubumbashi sikuwa nayo. Nilianza kukisia kimoyomoyo, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mbele ya mlango wake, na watu wote walikuwa wananiona natafuta. Kwa miaka yote niliyojisomea, kuanzia L mpaka pale nilipofika, sikuwa nimewahi kusema neno nililosema wakati ule.

"Sijui."

"Haisikiki!" mtu akasema nyuma.

"Sijui!"

"Saa sita, kama hapa," Mama Neema akasema. "Dada yangu mukubwa anakaaka kule. Tunaongeaka kila siku ya Mungu, misa ikiishaka." Akakaa.

Watu walipiga makofi, na si kwa ajili yangu. Baadaye nilihakiki, kwa vyanzo viwili. Lubumbashi iko upande wa mashariki wa saa. Alikuwa sahihi.

Wiki iliyofuata alikuwa amerudi mezani, kwenye kiti cha kiongozi, na hakuna aliyetoa hotuba. Wabeba mizigo hawakuacha kumwita Saa Sita, maana mpakani jina likishakushika limekushika, lakini sasa alikuwa anaitika. Mkataba wangu ulisainiwa kwa kuchelewa miezi miwili. Mkurugenzi alinipa kalamu akisema, "Mutu anayeogopa makosa hivi anafaa kwa hii meza. Kwa presha yangu, hafai."

Baada ya hapo niliandika maswali misimu miwili, nikawa mwamuzi msimu mmoja, na Mhariri alipostaafu nikarithi kiti chake na miwani yake ya akiba. Nimefanya makosa mengine. Niliwahi kuuliza chanzo cha Nile kiko wapi, na wakulima wa Cyanzarwe wakasema msitu wa Nyungwe, wapishi wakasema Ziwa Viktoria, na mtu mmoja mwenye jamaa Burundi akatoka ukumbini kwa hasira. Niliandika kwamba kwenye sayari ya Zuhura siku ni ndefu kuliko mwaka, kisha nikagundua kwamba inategemea unahesabu siku kwa namna gani, nikarudi ukumbini kusahihisha. Sitawadanganya kwamba hofu inaisha. Inapungua ukishaitaja mbele ya watu, na unaendelea na kazi.

Ninachotaka mkijue kuhusu kazi hii ni kwamba anayeketi mezani amekuja na anayoyajua yote, na jirani zake wako ukumbini. Karatasi yenu ikimwambia amekosea, atarudi nayo nyumbani. Hakikisheni amekosea kweli.

Yaliyobadilika ni haya. Kila swali sasa linataja mahali linapohusika. Kabla ya Jumamosi, maswali yote yanasomwa kwa watu watatu wasio na kitabu mkononi. Mwamuzi anaruhusiwa kusema sijui hewani. Na kila timu ina haki ya kuinua mkono mara moja katika kila mchezo na kubisha kabla pointi haijaandikwa, bila kuwa na karatasi yoyote. Mama Neema ameinua mkono mara nne. Mara tatu alikuwa sahihi, na pointi zikaandikwa kwake.